Toyota Passo cc 990: kabla hujainunua kaangalie barabara ya kwenu

Kwa Dar mtu akitafuta gari ya kwanza ubishi ni ule ule, Toyota ndogo Vitz, IST au Passo, na Passo ndo inachekwa kuliko zote, mara bebi woka, mara piston tatu, mara gari ya madada. Mimi natembelea hii ya shepu ya pili, zile za 2010 mpaka 2016, injini 1KR ya cc 996 ingawa wote tunaita cc 990. Nasema nilivyoiona, maana wanaoisifia wanazidisha na wanaoiponda wengi hawajawahi hata kuishika usukani.

Tuanze na hiyo piston tatu inayotisha watu. Wakuu, wale wanaosema "bora nichukue Vitz", Vitz ya cc 990 ya kuanzia 2005 ina hiyo hiyo 1KR, yaani mnachekana injini moja. Na Ulaya wameifunga kwenye Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1, ikabeba tuzo ya injini bora ya mwaka kwa zile za chini ya lita moja kuanzia 2007 mpaka 2010 mfululizo. Inatumia cheni, sio mkanda, kwahiyo hesabu ya kubadilisha taimingi belti kila baada ya muda haipo. Kutetemeka kupo, asikudanganye mtu, ukisimama kwenye taa gia iko D na AC inapuliza unausikia mtetemo kwenye kiti. Huo ni wa kawaida. Ila ukifika hatua dashbodi inagonga ujue ni maunti za injini (ile mipira inayoishikilia) zimechoka au plagi, na fundi akikwambia "hizi gari ndo zilivyo" tafuta fundi mwingine.

Mafuta sasa. Toyota walipoiboresha 2014 walitangaza kilomita 27.6 kwa lita, sawa, hiyo ni vipimo vya Japani, kule hakuna foleni ya Mwenge saa 12 jioni. Mimi kwa foleni na AC juu napata 13 au 14, Jumapili barabara ikiwa nyeupe inagusa 17 hivi. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi hapo sina la kulalamika kabisa. Na paking ndo raha yenyewe, gari ina urefu wa kama mita 3.65 tu, Kariakoo pale unaingia sehemu ambayo mwenye Harrier anapita anaangalia tu. Viti viko juu kidogo hata bi mkubwa mwenye magoti mabovu anaingia bila kushikwa mkono. Buti lenyewe dogo, shopping ya wiki basi, gunia la mkaa lazima ulaze viti vya nyuma.

Shida iko kwenye njia ya kwenda nyumbani. Watu wananunua gari wakifikiria Bagamoyo Road wakati kinachoimaliza Passo ni kale kakipande ka kutoka lami mpaka getini kwako. Farasi zenyewe hazifiki 70, mkiwa wanne watu wazima na mnapanda vile vilima vya Goba au Salasala unazima AC, unakanyaga, injini inalia na gari inapanda inavyotaka yenyewe. Na iko chini, kwenye rafu rodi yenye mabonde bampa ya mbele inakwangua, mvua zikianza ndo usiseme. Kuna wanaoweka spesa (vipande vya kuinua gari) inyanyuke, inanyanyuka kweli, ila kwenye kona inayumba, mimi siwezi.

Kingine ambacho wengi hawakijui, shepu ya kwanza (2004 mpaka 2010) ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, hii ya pili ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. CVT ina oili yake, ukimwagiwa ile haidroliki ya kawaida unaanza kuiua taratibu. Kaa pale pale fundi anapofanya kazi, soma kopo kwa macho yako.

Kuagiza, hiyo cc 996 inakusaidia kidogo TRA kwa sababu chini ya cc 1000 ushuru wa bidhaa wa injini ni sifuri, wakati kuanzia hapo mpaka 2000 ni asilimia 5. Ila kama imevuka miaka 10 ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 unakusubiri, na hapo ndo watu wanashtuka. Spea za injini Gerezani hazisumbui, za bodi kama taa na bampa unazunguka kidogo maana shepu zinatofautiana. Kuuza, IST inaondoka haraka zaidi, hilo halina ubishi.

Kama unakaa Sinza, Kinondoni, Ilala, popote lami inafika karibu na mlango, na mara nyingi uko peke yako au wawili, chukua. Kama unakaa ndani ndani kwenye mchanga na milima, au kila mwisho wa mwezi una safari ya Moro na familia nzima, kuovateki malori na hii ni kazi, ongeza hela uchukue IST ya cc 1500, au angalau Passo ya 1.3. Na ukienda kuikagua mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, unataka kuisikia ikiwa ya baridi.