Kampuni ya SEO iliyoniuzia linki hewa: uzoefu wangu

Jina lao sitalitaja, sitaki kesi. Kazi yao ni SEO, yaani kuifanya tovuti ionekane juu kwenye matokeo ya Google. Wako mjini, wana ofisi nzuri yenye kiyoyozi na kijana mmoja wa mauzo anayeongea haraka mno. Familia yetu ina nyumba ya wageni Jambiani, na walichotuahidi ni kitu kimoja: tovuti yetu itapanda Google kwa kuwekewa bakilinki, yaani linki za kuja kwetu kutoka tovuti za wengine zenye nguvu, tena za "dofollow", zile ambazo Google huzihesabu. Tukalipa laki kadhaa kabla hata kazi haijaanza.

Miezi ikapita, ikaja ripoti ya Excel. Kijani tupu, na safu nzima imeandikwa "dofollow: ndiyo". Nikafungua linki ya juu kabisa. Ukurasa wa dawa za kupunguza tumbo! Katikati ya sentensi inayosifia chai ya kuyeyusha mafuta limebandikwa jina la nyumba yetu, kisha sentensi inaendelea na mafuta yake kama vile hakuna kilichotokea. Nikafungua maandishi ya ndani ya ukurasa, yale yanayoijenga linki yenyewe. Ipo wazi kabisa: rel="nofollow", kinyume cha walichoandika. Inayofuata hivyo hivyo. Nikashuka na orodha mpaka macho yakauma, sikuona hata moja iliyo kama walivyoandika.

Na mjue, hakuna hata alama inayoitwa dofollow. Linki ya kawaida haina alama yoyote, na Google huihesabu. Ikitiwa nofollow, mwenye ukurasa anasema huyu ninayemwelekezea simdhamini. Google waliileta mwaka 2005, injini nyingine za utafutaji, Yahoo na MSN, wakaikubali, kwa sababu watu walikuwa wanajaza linki za matangazo chini ya makala za wenzao. Sasa mtu anayeuza linki kila siku, akaandika "dofollow: ndiyo" mbele ya linki yenye nofollow, huyo hajakosea. Amedanganya.

Nikaenda ofisini kwao. Nikamwekea yule kijana laptopu mezani, nikamwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Hakuutazama. Akaifunga laptopu, laptopu yangu mimi, akaniambia, "Dada yangu, haya mambo ni ya kiufundi, utajichosha bure. Wewe subiri matokeo." Wateja wengine wamekaa pale wanasikia. Nikamwambia, "Kaka, nisomee neno hili moja tu." Akachukua simu akaanza kuongea na mtu mwingine, mgongo kanigeuzia.

Naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota mbili. Yule binti wao aliyetuandikia maelezo ya vyumba alifanya kazi safi, wageni wanayasifu mpaka leo, na haki yake lazima nimpe. Lakini kadiri ninavyofikiria ndivyo ninavyozidi kuona nilichouziwa. Kanuni za Google zenyewe zinataka linki iliyolipiwa iwekewe nofollow au sponsored, alama ya linki ya kulipiwa. Maana yake bidhaa waliyoniahidi, linki ya kununua inayopitisha nguvu, imekatazwa! Wangetimiza ahadi yao wangetuweka hatarini. Penguin, mfumo wa Google wa kupambana na linki chafu, ilipotoka 2012 tovuti nyingi zilishushwa kwa mambo haya haya, na tangu mabadiliko yake ya 2016 linki chafu mara nyingi hupuuzwa tu. Kwa hiyo ama uadhibiwe, ama hela yako iende na maji. Kijana alilijua hilo siku ananichukulia pesa? Kama alijua, ni tapeli. Kama hakujua, anauza nini?

Tena walivyotutisha na nofollow siku ya kwanza, eti haina faida yoyote. Si kweli. Septemba 2019 Google walitangaza kwamba wanaichukulia kama kidokezo, si amri tena. Wanaweza kuizingatia linki hiyo au wakaiacha. Na nje ya Google kuna watu. Gazeti moja la Ujerumani liliwahi kututaja kwenye makala ya safari, linki yao ni nofollow, na bado wageni wanafika wakisema walitusoma pale. Msomaji akibofya anafika, alama ile haimzuii. Wikipedia ya Kiingereza linki zake zote za nje ni nofollow tangu 2007, na sijaona biashara iliyokataa kutajwa kule. Afadhali linki moja ya namna hiyo kuliko lile lifaili lao lote la kijani.

Basi nyota moja, na hiyo ni ya yule binti, si ya kampuni. Wao sifuri.

Pesa nimeanza kuzikatia tamaa. Ninachodai sasa ni jina letu litolewe kwenye ule ukurasa wa dawa za tumbo, maana jina hilo ni la bibi yetu. Nikipiga simu wananiambia mhusika ametoka.