Maktaba za kuunganisha programu ya kompyuta na seva ya data za papo hapo: ipi uichukue kwanza

Nikipewa maktaba mpya ya kujaribu, yaani msimbo ulio tayari wa kuunganisha programu na seva, kwanza nachomoa waya wa mtandao. Nahesabu dakika mbili, narudisha waya, naangalia skrini. Tabia hii niliianza baada ya programu niliyoiandika mwenyewe kuonyesha bei za asubuhi hadi saa nane mchana, huku alama ya kijani ikisema tumeunganishwa. Watu waliziamini namba zile. Ndiyo maana hapa sipangi kwa kasi, kwani zote zina kasi ya kutosha. Napanga kwa jinsi zinavyokatika na zinavyorudi.

1. SignalR, kama seva ni yako na unaandika kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu. Ni ya bure na ya chanzo huria. WebSocket, yaani njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya programu na seva, ikizuiwa, inahamia yenyewe kwenye njia nyingine. Seva ikinyamaza sekunde 30, inahesabu kwamba muunganisho umekufa, na ulinzi huo ndio niliokosa kwenye kisa cha juu. Ila haijiungi upya mpaka uwashe mpangilio wa WithAutomaticReconnect, na ukishaiwasha inajaribu mara 4 tu: papo hapo, kisha baada ya sekunde 2, 10 na 30. Baada ya hapo inaacha. Mtandao ukipotea dakika mbili, mtumiaji wako amebaki nje, kwa hiyo mwandikie ratiba ndefu zaidi ya kujaribu tena. Ikishaunganika, omba hali ya sasa upya kutoka kwa seva. Usidhani yaliyopita yataletwa.

2. MQTT, kupitia maktaba ya MQTTnet au Eclipse Paho. Itifaki hii, yaani kanuni za mawasiliano, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, kwa hiyo mtandao mbovu si mgeni kwake. Ninachokipenda zaidi ni ujumbe unaohifadhiwa: programu ikijiunga na mada, yaani jina la kundi la ujumbe inaoutaka, inapewa mara moja thamani ya mwisho iliyohifadhiwa, haikai na kisanduku kitupu. Ningeipa namba moja kama isingehitaji seva ya kati ya kupokea na kusambaza ujumbe, ambayo lazima mtu aitunze.

3. Lightstreamer. Hii ni bidhaa ya kibiashara, na inafaa kwa bei za masoko ya fedha. Programu ya mtumiaji ikiwa nzito kupokea, hali ya MERGE ya Lightstreamer inaunganisha mabadiliko na kuipelekea yaliyo mapya. Kabla ya kulipa, uliza leseni inahesabiwa kwa kigezo gani.

4. Socket.IO. Ichukue tu kama seva tayari inaitumia. Programu inayotumia WebSocket ya kawaida haiwezi kuongea nayo, na wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

5. WebSocket tupu, ya kiwango cha RFC 6455 cha mwaka 2011. Hulipi kitu, lakini kujiunga upya na kugundua ukimya ni kazi yako yote.

Yoyote utakayochagua, ujumbe usiuchore kwenye skrini mmoja mmoja unapofika. Ukimiminika kwa mamia, dirisha linaganda, na dirisha lililoganda linaonyesha bei za zamani sawasawa na waya uliokatika. Kusanya, chora mara moja kila milisekunde 100, na kando ya kila namba weka saa iliyofikia.