Tapu za kuchonga hesi: chukua zote tatu au acha

Fundi pikipiki akilalamika kwamba bolti mpya ya M8 inakwama kwenye tundu alilochonga hesi mwenyewe, usiikimbilie bolti. Uliza alichonga na tapu ipi. Mara nyingi ameuziwa namba moja peke yake, na hata jina la kiwandani likiwa la kweli, hesi yake haijakamilika.

Malalamiko haya hayaishi kwenye gereji za Tanga, Ngamiani na Pongwe. Ushauri unaotolewa kila siku ni "angalia chuma", basi. Chuma nitakifikia. Kwanza tazama shina la tapu.

Tapu za mkono za kipimo cha Kijerumani, DIN 352, huja tatu kwa kila saizi. Namba moja ina pete moja iliyochongwa kwenye shina, namba mbili ina pete mbili, na ile ya kumalizia kwa kawaida haina pete. Tofauti yao si ncha tu. Mbili za kwanza ni nyembamba. Tapu imeandikwa M8, lakini meno ya namba moja hayafiki milimita 8, kwa sababu kazi yake ni kutoa chuma cha mwanzo tu. Hesi kamili inaletwa na ya mwisho. Muuzaji anayevunja seti na kuuza moja moja hapotezi kitu. Wewe ndiye utakayelazimisha bolti kwa spana hadi hesi ya aluminiamu ing'oke yote.

Zile za asili ya Kiingereza, ambazo leo ziko kwenye kipimo cha ISO 529, zote tatu zina unene sawa, ila mteremko wa ncha ndio unaotofautiana. Hizi unaweza kununua moja ukafanya kazi. Kwa hiyo muuzaji akisema "zote sawa tu, kaka", huenda anasema kweli kuhusu boksi la kushoto na anakudanganya kuhusu la kulia, na yeye mwenyewe hajui.

Kupima hapo hapo dukani, nenda na nati nzima ya M8 mfukoni, isiyopakwa zinki nzito, maana nati za zinki nzito huchongwa kwa upana zaidi. Pitisha tapu kwa vidole. Ikiingia ikichezacheza kama bolti iliyolika, ni ya kutangulia. Ile ya kumalizia hupita imekaza, bila kucheza. Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, usiitegemee sana: tapu yenye mifereji mitatu haina meno yanayotazamana, kwa hiyo kalipa itakupa kipimo pungufu hata kwa tapu nzuri.

Sasa nani wa kwanza. Sifichi: Völkel ya Remscheid, Ujerumani, seti ya tatu yenye alama HSS, yaani chuma cha haispidi. Pete zinasomeka, saizi na pichi (umbali wa jino hadi jino) zimeandikwa kwenye shina, na meno yamesagwa yakawa laini. Meno yaliyosagwa hukata. Yenye mikwaruzo hubana chuma, na hapo ndipo tapu inapovunjika ndani ya tundu. Ya pili ni Totem ya India, pia ukichukua ya HSS. Nafasi ya tatu naipa tapu kuukuu za Kiingereza kutoka karakana za mashamba ya mkonge, mradi ncha haijamegeka na hewa ya bahari haijaitoboatoboa kwa kutu.

Seti za boksi la bati zenye vipande arobaini zisafishie hesi zenye kutu. Basi.

Kuhusu chuma: neno HSS mtu yeyote anaweza kulipiga. Gusisha mkia wa tapu kidogo kwenye jiwe la kunolea. Chuma cha kaboni hurusha cheche nyingi nyeupe zinazopasuka kama nyota. Haispidi hutoa chache, nyekundu iliyofifia. Muuzaji akikataa jaribio hilo kwenye bidhaa anayoiuzia bei ya Ujerumani, amekwisha kujibu.

Kero nyingine ni biti ya kutobolea tundu kabla ya tapu. M8 ya pichi 1.25 inataka tundu la milimita 6.8, lakini seti nyingi za biti zinaruka kutoka 6.5 hadi 7, na muuzaji anakupa 6.5 akisema hesi itakuwa nene. Itakuwa nene, na tapu itakatikia humo. Ukikosa 6.8, chukua 7. M6 inataka 5, M10 ya pichi 1.5 inataka 8.5, M12 ya pichi 1.75 inataka 10.2. Ukisahau, toa pichi kwenye unene wa bolti. Tia mafuta, zungusha nusu duru, rudisha robo ili chuma kilichokatwa kivunjike. Aluminiamu inapenda mafuta ya taa. Chuma cha kutupwa, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, kichongwe kikavu.

Wanaotengeneza mashine kongwe za korona, zile za kuchakata mkonge, wawe macho na hesi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha inchi. Pembe yake ni nyuzi 55, ya milimita ni 60. Bolti ya inchi 5/16 ni pungufu kidogo ya milimita 8, kwa hiyo itaingia kwenye tundu la M8 duru chache kisha ikwame, na watu wanazidi kukaza. Tena usiombe tapu ya "nusu inchi" ukanyamaza. Ya bomba la nusu inchi ina unene wa karibu milimita 21 na meno 14 kwa inchi. Ya bolti ya Whitworth ni milimita 12.7 na meno 12. Sema bomba au bolti kabla hajaifunga kwenye gazeti, kwani tapu ikishapakwa mafuta hakuna duka linaloirudisha.