Eosini Y, chupa ya gramu 25: tathmini baada ya miezi minne ya matumizi

Chupa hii ya eosini Y, rangi nyekundu ninayopakia vipande vya tishu za mwili ili vionekane vizuri chini ya hadubini, niliinunua katika duka la vifaa vya maabara Kariakoo, baada ya kuchoshwa na unga wa duka jingine ambao lebo yake ilikuwa na neno moja tu, "Eosini", bila namba wala kiasi cha rangi halisi kilichomo. Nilipomuuliza muuzaji wa kule ni eosini ipi, alinijibu, "Eosini zote ni moja, dada." Si moja. Eosini Y, ambayo namba yake katika orodha ya kimataifa ya rangi ni 45380, huelekea umanjano, ilhali eosini B, namba 45400, huelekea ubuluu. Lebo ya chupa ninayoitathmini ina namba ya kwanza, pamoja na kiwango cha rangi kilicho juu ya asilimia 80, na hilo pekee lilinishawishi kulipa karibu mara mbili ya bei niliyoizoea.

Nilipima gramu 5, nikaziyeyusha katika lita moja ya alkoholi ya asilimia 80, kisha nikaongeza mililita 5 za asidi ya asetiki. Unga wote uliyeyuka bila kuacha mashapo, na nilipoinua chupa dirishani, ule mng'ao wa kijani ambao eosini safi huutoa kwenye mwanga ulionekana wazi pembezoni mwa wekundu.

Kazi yenyewe huamuliwa chini ya hadubini. Hematoksilini ikishavipaka viini vya seli rangi ya buluu, eosini hubaki na sehemu nyingine zote, na ubora wake haupimwi kwa ukali wa wekundu bali kwa idadi ya viwango vya rangi ya waridi inavyoweza kuvitenganisha. Katika kipande cha utumbo nilichokitumia kwa majaribio, chembe nyekundu za damu zilitoka na rangi inayokaribia tofali, misuli ikakolea waridi, na kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia tishu, ikabaki hafifu kama nyama ya pera. Unga wa zamani uliyapaka yote hayo rangi moja, kana kwamba mtu amemwaga sharubati juu ya slaidi, na daktari wa patholojia alinirudishia trei nzima.

Hata hivyo, wiki ya tatu slaidi zilianza kupauka, nami nikadhani nimeuziwa tena bidhaa mbovu. Kosa lilikuwa langu. Slaidi zilikuwa zikitoka kwenye maji ya bomba, ambayo huwa na ualkali kidogo, na kuingia kwenye eosini bila kukung'utwa, hivyo asidi ilikuwa ikipungua siku hadi siku. Molekuli za eosini zina chaji hasi, na protini za tishu huzivuta vizuri pale asidi inapozipa chaji chanya za kutosha. Karatasi ya kupimia ilionyesha pH, kipimo ambacho hupanda asidi inapopungua, imefika 6, wakati inatakiwa iwe karibu na 5. Matone machache ya asidi yalirudisha hali yake, ingawa ni lazima kwenda polepole, kwa kuwa asidi ikizidi rangi hujitenga na kutuama chini.

Lawama yangu ni juu ya ufungashaji. Kifuniko cha ndani ni chepesi mno kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam, na kufikia mwezi wa pili unga ulikuwa umeshikana mabonge, ikanibidi niuhamishie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Aidha, eosini ilianza katika miaka ya 1870 kama rangi ya vitambaa, na haijasahau asili yake: mkono wa kushoto wa koti langu jeupe una doa ambalo sabuni ya unga, ndimu na jua la Machi vimelipunguza tu.

Gramu 25 hutoa lita 5 kwa kipimo nilichotaja, na kwangu zimebaki gramu 10. Kwenye oda ijayo nimeandika 45380, si jina tu.