Redio ya kioo cha inchi 7 kwenye Corolla 110: waya mweusi si ethi!

Assalamu alaykum watazamaji wangu, na wa Pemba msinune, najua mnasema kila siku nakusahauni. Leo nipo Fuoni, chini ya mwembe, maana jua la saa saba na dashibodi nyeusi ni adhabu. Gari hiyo munaiona nyuma yangu. Corolla 110, mtumba wa Japani, ina umri mkubwa kuliko huyu mdogo wangu anoshika kamera. Sogea kidogo yakhe, kivuli chako kinaingia.

Kitu cha leo ni hichi. Redio ya kioo cha kugusa, inchi 7, haina Android, haina tundu la diski. Ina USB mbele, ina Bluetooth, na nyuma ina tundu la kamera ya kurudia nyuma. Nimeinunua Darajani kwa laki moja na thalathini. Jina lake msiniulize, halina kazi. Nshaziona mbili za majina mbali mbali, menyu ile ile, mpaka makosa ya maandishi yale yale.

Gari ilivyokuja ilikuwa na redio yake ya Kijapani. FM ya Japani kwa gari za umri huu inaanzia megahezi 76 inaishia 90. Sie stesheni zetu zipo baina ya 87.5 na 108. Kwahivyo watu hutia kile kidude kidogo kwenye waya wa antena, kinashusha masafa ili redio iyasikie. Tatizo la kile kidude, redio ina uwanja wa 14 tu, kutoka 76 mpaka 90. Kama kidude kinashusha 14, utasikia 90 mpaka 104, zilizo juu ya hapo huzipati, na namba unayoiona kwenye kioo si namba ya stesheni. Mama yangu akiniambia "niwekee ZBC" nafanya hesabu za kutoa huku naendesha.

Nikachoka. Nikampa fundi anifungie redio nyengine ya kawaida. Fundi mwenyewe simtaji, na redio ile nshaitoa, lakini alichokifanya ndicho kilichonifanya nirikodi video hii.

Hebu leta kamera hapa karibu. Mkia wa redio mpya, nyaya zake zina rangi za kawaida. Wa njano ni umeme wa betri muda wote, ndio unaoweka kumbukumbu. Mwekundu ni umeme wa swichi, unakuja ukizungusha ufunguo. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Mweupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, kila mmoja na mwenzake wenye mstari mweusi.

Sasa tizama soketi ya Toyota iliyotoka kwenye dashibodi. Ziko mbili, kubwa ya pini 10 na ndogo ya pini 6. Kwenye hii ndogo munaona mweusi, wa njano, mwekundu na mweupe. Mtu asiyejua akiona hivi anafurahi! Anaona mweusi kwa mweusi, wa njano kwa wa njano, mwekundu kwa mwekundu, kazi imekwisha, chai iletwe. Kumbe zote nne hizo ni waya za spika za nyuma. Mweusi na wa njano ni spika ya nyuma kushoto, mwekundu na mweupe ni ya nyuma kulia. Umeme wenyewe upo kwenye soketi kubwa. Waya wa buluu wenye mstari wa njano ndio wa betri, wa kijivu ndio wa swichi, na wa kahawia, huu hapa, ndio ethi.

Yule bwana aliunga rangi kwa rangi. Redio haikuwaka. Akaniambia waya za gari ni mbovu. Akakata soketi zote mbili kwa plaisi, akavuta waya mpya kutoka betri, akaufunga kwa wa njano na mwekundu kwa pamoja. Redio ikawaka, nami nikatoa pesa, nikashukuru.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Spika ya nyuma kushoto ikawa kimya. Nikikanyaga mafuta, spika zilizobaki zinalia wiii, na sauti inapanda na injini. Ule mlio unatoka kwa alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Redio ethi yake iliachwa kwenye waya wa spika, kwahivyo ilikuwa inajitafutia ethi kwa kupitia ganda la waya wa antena. Njia nyembamba, ndio kila kelele ya umeme wa gari ikaingia kwenye sauti. Na kwa kuwa mwekundu ulifungwa kwa betri moja kwa moja, ukitoa ufunguo redio haizimi, mpaka uizime kwa mkono. Siku moja nikasahau. Asubuhi nataka kuwahi boti, gari hata "tik" haitoi. Na hii ni otomatiki, huwezi kuwaita majirani wakusukume. Boti iliondoka, mie nipo hapa hapa natafuta mtu mwenye waya za kubustia.

Haya, nimeifanya upya mwenyewe. Kwa wauza spea za mtumba nikapata soketi za Toyota zenye mkia wake, nikarudisha zilizokatwa. Halafu nikanunua mkia wa kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, upande wa pili unaungwa na redio. Elfu kumi! Kama yule fundi angeununua huu, soketi za gari zisingekatwa. Kama gari yako bado haijakatwa, usikubali ikatwe, fundi awe nani.

Kila kiungo nimekitia lehemu, nikakivisha mpira ule unaonywea ukiupasha moto. Kwa nini si tepu? Tizama kipande hichi nilichokitoa. Kilisokotwa tu na kufungwa tepu. Gundi imeyeyuka kwa joto, tepu imeteleza, na shaba imegeuka kijani. Hii hewa yetu ya chumvi haisubiri. Ethi nimeirudisha kwenye wa kahawia, na nikaongeza waya mwengine kutoka mgongoni mwa redio mpaka kwenye chuma cha bodi, nikakwangua rangi kwanza. Wiii imekufa. Wa buluu ni wa kupandishia antena ya mota. Ule unatoa umeme, haupokei, kwahivyo kama antena yako ni ya mkono, ifunge ncha yake uiache. Na hizi zenye mstari mweusi za spika usiziunge kwa bodi ya gari hata siku moja, utaiua redio.

Kuingia kwenye tundu, nafasi ya Toyota ya Kijapani ni milimita 200 kwa upana, redio hii ni kiasi cha 178. Unabaki na pengo la sentimita moja na kitu kila upande. Kuna vibao vya plastiki vya kuziba, viulize pale pale unaponunua redio. Bolti ni nne, spana namba 10. Hapo hapana hadithi.

Sasa boksi. Limeandikwa wati 60 mara nne. Wati 240! Igeuze redio, tizama fyuzi ya nyuma: ampea 10. Injini ikiwaka gari inatoa kama volti 14. Kumi mara 14 ni 140, na huo ndio umeme wote unaoweza kuingia kabla fyuzi haijakatika. Utatoaje 240 kwenye kitu kilichopewa 140? Redio za namna hii, hata za majina makubwa, sauti safi unayoipata ni kiasi cha wati 15 mpaka 20 kwa kila spika. Zinatosha, mie silalamiki, ila boksi lina maneno mengi.

Kitu ambacho kingenitoa jasho bure ni stesheni. Niliwasha, nikatafuta, nusu ya stesheni hazipo. Ukiona namba zinaruka .1, .3, .5, jua redio imewekwa masafa ya Marekani. Ingia kwenye mipangilio, weka Ulaya, zinakuja zote.

Kioo usiku ni kizuri, na ukiunga waya wa taa kinapunguza mwanga wenyewe ukiwasha taa za gari. Mchana barabara ya Makunduchi, jua limekaa juu ya bega, hukioni kitu, unajiona mwenyewe na miwani yako. Simu kwa Bluetooth, mie namsikia mtu vizuri, yeye ananisikia kama nipo kisimani. Maikrofoni ipo usoni mwa redio, mbali na mdomo. Kubadilisha wimbo kwa kugusa huku unaendesha sikupendi, kitufe cha kuzungusha kingekuwa bora, nacho hakipo.

Sauti mwanzo iliniudhi. Nikafungua mlango wa mbele, nikaikuta spika ya karatasi ya tangu gari inatoka kiwandani, ukingo umekauka na kupasuka kama papadi. Nimetia mpya za mbele tu, inchi sita na nusu. Tofauti ya spika mbili zile ni kubwa kuliko tofauti ya redio. Kama una laki na nusu tu, nunua redio ndogo ya kawaida isiyo na kioo, inayobaki tia milangoni. Kama unataka kamera ya nyuma, basi hii chukua, maana kwenye vichochoro vya Mlandege inanisaidia kila siku.

Haya. Gari hii haijawashwa tangu Jumatano, leo Jumamosi, redio ipo ndani, wa njano upo kwenye betri kama inavyotakiwa. Leta mita. Shika hapo, nyekundu huku. Munaona? Volti 12.5, betri haijafa. Ngoja nikae. Mama, panda basi, tunakwenda Mwanakwerekwe! Nazungusha...

Imewaka. Na hiyo ZBC yako hiyo, bila ya hesabu.