Kipozeo kipya cha prosesa ya zamani: kipi ununue, kipi uache

Kabla ya kutoa hela, fungua kasha utazame. Kompyuta kuukuu inayochemka huku feni ikivuma mara nyingi haina kipozeo kibovu. Ina vumbi lililoshonana kwenye mapezi ya alumini chini ya feni, mahali usipopaona mpaka uing'oe, na pesti ya joto (ile inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kipozeo) iliyokauka kama chaki. Safisha mapezi, futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, paka mpya. Kompyuta ikibanwa na kazi nzito na joto likabaki chini ya nyuzi 80 kwa Intel, au 60 hivi kwa FX na Phenom II za AMD, hauhitaji kununua kitu. Nunua ikiwa feni inakwaruza, mguu wa plastiki umekatika, au umeweka prosesa yenye wati nyingi kuliko ya awali.

Cha kwanza kujua ni soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Kwa Intel, angalia umbali kati ya tundu na tundu la kufungia kipozeo: LGA 775 ni milimita 72, LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zote ni 75, LGA 1366 ni 80. Kwa hiyo kipozeo cha LGA 1200 kinakaa kwenye 1155 bila shida, ila hakikai kwenye 775. LGA 1700 ni milimita 78, na siku hizi vipo vipozeo ambavyo boksi lake lina vifungio vya soketi mpya tu, kwa hiyo soma orodha ya soketi mpaka mwisho.

AMD ni rahisi zaidi. AM2, AM3, AM3+, FM1 na FM2 zina fremu ileile ya plastiki yenye meno mawili ya kushikia klipu. AM4 ilihamisha matundu lakini ikabakiza meno yale, hivyo kipozeo cha klipu cha AMD kama Wraith Prism kinakaa pia kwenye hizo za zamani, ila Wraith Stealth, kipozeo cha skrubu nne, hakikai.

Kisha wati, yaani kiasi cha joto ambacho kipozeo lazima kimudu. Core i5-3470 ya Intel ni 77, i7-2600 ni 95, FX-8350 ya AMD ni 125. Mwisho pima kwa rula kutoka kwenye prosesa hadi mlango wa kasha, ujue kipozeo cha urefu gani kitaingia.

1. Mnara mdogo wa feni ya milimita 92

Mnara ni kipozeo kinachosimama wima, feni ikiwa ubavuni, na hiki ndicho cha watu wengi. Vibomba viwili au vitatu vya shaba vya kubeba joto vinatosha kabisa prosesa ya hadi wati 95, na kwa kuwa ni kifupi kuliko minara ya milimita 120, kinaingia kwenye makasha mengi ya kawaida. Chagua feni ya pini nne ili mazabodi iongoze kasi yake. Ya pini tatu inaingia kwenye plagi hiyohiyo, lakini mazabodi nyingi za zamani zitaiendesha kwa kasi yote muda wote.

2. Mnara wa milimita 120

Ni wa FX na Phenom II za wati 125, au kwa anayepandisha kasi ya prosesa. Cooler Master Hyper 212 EVO, kwa mfano, ina urefu wa karibu milimita 160. Kasha jembamba halitafunga. Feni ikigonga RAM ndefu, ipandishe kidogo kwenye mapezi.

Lakini kuna mtego. Mnara unapuliza hewa sambamba na mazabodi, na sakiti za umeme zinazoizunguka soketi hazipati upepo. FX-8350 kwenye mazabodi ya bei nafuu isiyo na vipande vya alumini juu ya sakiti hizo itajipunguza kasi hata prosesa yenyewe ikiwa baridi. Hapo kipozeo kinachopuliza kuelekea chini ni bora kuliko mnara, au uongeze feni ya kasha eneo hilo.

Wenye Core za kizazi cha 3 wasitarajie miujiza: tangu 2012 Intel iliweka pesti badala ya metali ya kulehemu chini ya kifuniko cha prosesa hizo, na joto hukwama hapo kabla halijafika kwenye kipozeo chako.

3. Kipozeo cha kiwandani kilichotumika

Ni kile kinachouzwa pamoja na prosesa. Tafuta chenye kiini cha shaba katikati, si alumini tupu. Kagua miguu yote minne na uzungushe feni kwa kidole, ikisita, iache.

4. Kifupi cha kasha jembamba

Noctua NH-L9i ni milimita 37 tu. Kinunue pale tu kasha linapokulazimisha.

5. Cha maji

Usijisumbue. Kwa prosesa ya zamani unanunua pampu itakayochakaa, si ubaridi unaouhitaji.

Wenye Dell OptiPlex wawe macho: baadhi zina plagi ya feni ya pini tano, na skrubu za kipozeo hupita kwenye mazabodi hadi kwenye bati la kasha. Ukiweka kipozeo kingine utahitaji bamba la kushikia nyuma ya mazabodi, na kompyuta inaweza kulalamika kila ikiwaka kwamba feni haionekani.

Kufungua AMD ya zamani kuna hatari moja kubwa. Pesti iliyokauka huishika prosesa, na ukivuta juu inang'oka na kipozeo huku imefungwa kwenye soketi, pini zikapinda. Endesha kompyuta dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipozeo kulia na kushoto mpaka kilegee ndipo ukiinue.

Kwa miguu ya kubonyeza ya Intel, bonyeza kwa jozi za mshazari, si kwa kuzunguka. Pesti iwe kiasi cha punje ya njegere katikati. Kila mguu ukilia, geuza mazabodi utazame nyuma: vipande viwili vyeupe lazima viwe vimepita tundu na kupanuliwa na msumari mweusi katikati. Ukiwasha na joto likaruka hadi nyuzi 90 ndani ya sekunde chache, kipozeo hakina kosa. Kuna mguu haujaingia, au karatasi ya plastiki ya chini haijabanduliwa.