Uzoefu wangu: upasuaji wa kansa ya sikio na mionzi 30

Sikio langu la kulia limekuwa likitoa usaha tangu utotoni, kwa hiyo lilipoanza tena nilinunua matone dukani kama kawaida. Safari hii usaha ulichanganyika na damu, na maumivu yalikuwa ya ndani kabisa, ya usiku, yasiyosikia dawa. Zahanati niliyoizoea ilinibadilishia matone kwa miezi mitano, na hilo bado linaniuma. Ukiona damu sikioni na matone hayasaidii, usikubali chupa nyingine, omba rufaa. Daktari wa masikio, pua na koo alichungulia mara moja tu akasema, "Mama, hapa lazima tukate kinyama tukapime." Ilikuwa kansa ya tundu la sikio, na kipimo cha CT kilionyesha imeshaanza kula mfupa.

Niliingia chumba cha upasuaji asubuhi, nikatoka jioni. Walitoa tundu lote pamoja na mfupa unaolizunguka, ngoma ya sikio, vijifupa viwili vya kusikia na tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Nilichoogopa kuliko yote ni uso kupinda, maana mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita ndani ya mfupa huohuo. Kabla sijasaini, daktari alinichorea kwenye karatasi njia ya mshipa huo. Nilipozinduka muuguzi akaniambia, "Hebu tabasamu, mama." Midomo ikaenda pande zote mbili. Nililia sana.

Mionzi nilipigwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Unavishwa kinyago cha plastiki kinachobana kichwa kisitikisike. Mionzi yenyewe haiumi. Kilichonitesa ni kinywa kukauka na chakula kukosa ladha. Niliishi kwa uji wa ulezi. Nilifikia kwa shemeji Mbagala. Anayetoka mkoani apange mapema pa kulala.

Sasa navaa kifaa cha kusikia chenye mkanda, kinachopitisha sauti kwenye mfupa wa fuvu hadi sikio la ndani, ambalo halikuguswa. Chini ya mtandio hakionekani. Sebuleni kinanisaidia mno, harusini hakifui dafu. Na barabarani honi naisikia vizuri, ila sijui inatoka upande gani, kwa hiyo nasubiri mtu tuvuke naye.